Nilikata Picha Sitini na Nne za Kondoo Anayefikiri

Mwanangu ana filamu ambayo dunia nzima hakuna aliye nayo kamili ila yeye! Nasema dunia nzima, si mtaa huu, na wageni wanatoka mbali kuja kuiona ndani ya nyumba yangu mimi fundi cherehani niliyeacha shule kabla sijamaliza kujifunza kugawanya! Mpendwa mshauri, nisamehe nimeanza na kelele kabla ya salamu, shikamoo kama umenizidi umri na hujambo kama nimekuzidi, naomba msaada wako maana furaha hii imenikaa kooni kama mfupa wa samaki, siwezi kuimeza wala kuitema, na aliyeuweka huo mfupa ni mimi mwenyewe.

Huyu binti ni wangu wa pili, ni fundi miwani, anasugua vioo na kuvitia kwenye fremu, nusu ya mji huu inaona kwa sababu yake na simsifu kwa kuwa nimemzaa, ungemwona ungemsifu kabla yangu. Sasa ni mwaka wa sita anakusanya filamu fupi za katuni za kale, zile za wakati filamu hazijajua kusema, zina miaka mia na zaidi, wanyama wamechorwa kwa wino mweusi kwenye weupe, mikono yao laini kama mpira, mkia unang'oka unageuka fimbo, kofia inashangaa inaruka inarudi yenyewe kichwani, na hakuna anayesema neno hata moja lakini kila kitu unakielewa, hata mimi nisiyepata kusoma sana sijawahi kuhitaji mtu wa kunieleza. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa. Nilipomwona anatumia mapumziko yake yote kunusa makopo ya bati nikamwambia baba yake, tumpeleke kwa daktari, kumbe alikuwa ananusa kama mkanda umeanza kuoza, maana ukioza unanuka siki. Amenieleza kwamba zamani watu wakishaonyesha katuni hizi walizitupa, nyingine ziliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo ndani yake, kwa hiyo zilizobaki ni kama meno ya mzee, moja hapa moja kule, na kila moja inaheshimiwa. Wakusanyaji wanaandikiana barua nchi na nchi, huyu anatafuta mwanzo wa filamu, yule anao mwanzo hana mwisho, wanabadilishana kama watoto na vifuniko vya soda, ila hawa wana mvi. Binti yangu ana makopo arobaini na matatu kwenye rafu, yamepangwa kuliko nguo zake.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hakuacha kunichokoza. Alikuja kuchukua gauni lake akaiona ile rafu akasema, "Wifi, binti yako ana miaka thelathini na moja, wenzake wanakusanya vyombo vya ndani, yeye anakusanya makopo. Ataolewa na kopo?"

Nikamwambia, "Heri kopo lenye kitu ndani kuliko mume asiye na kitu kichwani." Akacheka, akaondoka, lakini lile neno lilinichoma, mshauri, sikufichi.

Basi mwaka jana mwanangu alikwenda saluni kusukwa, na pale saluni mlango ulikuwa unazuiwa na kopo la bati lenye kutu usijifunge kwa upepo, limezuia mlango huo miaka kumi na moja, kila mtu amelipiga teke, na yeye peke yake ndiye aliyeinama akaligeuza akasoma maandishi ya pembeni. Alirudi nyumbani upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama kama umepigwa radi, amelikumbatia lile kopo, hakungoja hata kumaliziwa kichwa! Yule msusi aliachiwa jiwe zuri la kuzuilia mlango na miwani mipya ya mama yake, na wote wakafurahi.

Ndani yake kulikuwa na kondoo. Mshauri, mimi nimeona filamu za rangi, za mapigano, za watu wanaolia kwenye mvua, lakini sijapata kuona kitu kama kondoo yule. Baridi imempiga, anachukua uzi wa sufu yake mwenyewe, anaanza kujifumia ngazi apande mpaka mwezini maana anadhani mwezi ni jiko linalowaka. Kadiri ngazi inavyorefuka ndivyo anavyobaki uchi, na hajui! Kabla ya kuanza kufuma anasimama, mkono kidevuni, anafikiri, ndipo alama ya kuuliza inachomoza juu ya kichwa chake, naye anaikamata, anaigeuza, inakuwa sindano ya kufumia. Nilicheka mpaka nikajichoma pini. Kumbe filamu hiyo ilishatangazwa kuwa imepotea, kuna nyumba moja ya kuhifadhi filamu za kale ina kipande chake, mwanzo na mwisho, katikati imeoza, na katikati yote iko kwa mwanangu. Akawaandikia. Alihesabu picha zote za mkanda ule mara mbili, maana filamu ni picha ndogondogo zimefuatana, na hesabu yake ilikuwa elfu tisa mia nne na kumi na mbili, akaiandika kwenye barua na kutia sahihi. Wakamjibu kwamba wanakuja kuikagua na kuinakili, na kama mkanda uko kama alivyoeleza watamchukua mwaka mzima awe nao, wamfundishe kutibu filamu zilizoumia. Mwaka mzima! Mtoto aliyezaliwa nikiwa nimeshika mkasi!

Sasa sikiliza nilichofanya. Wakati anautengeneza mkanda alinifundisha nimsaidie, kuna kimashine kidogo unalaza mkanda, unakata kipande kilichochanika, unaunga kwa plasta nyembamba inayopitisha mwanga, akaniangalia mara mbili akasema, "Mama, una mkono wa dhahabu, hata mimi siungi hivi," na mimi kichwa kikavimba kama andazi. Siku tatu baada ya barua yake kuondoka yuko kazini, nikaufungua mkanda ili niutazame tu, nikauinua dirishani kwenye mwanga, nikafika pale kondoo anapofikiri. Nikaona picha ya kondoo mkono kidevuni. Ya pili, ileile. Ya kumi, ileile. Nikahesabu sabini, mshauri, sabini zote kondoo yuleyule, mkono uleule, kidevu kilekile, hata unywele haukusogea. Nikasema moyoni, huyu mchoraji wa zamani alikuwa mbadhirifu, au alisinzia. Mimi kitambaa kikizidi nakipunguza, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikabakiza sita, nikakata sitini na nne, nikaunga, na muungano ule hata ukiupitisha ulimini huusikii.

Na kama ningeishia hapo. Lakini zile picha zilikuwa nzuri mno kutupwa, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ukiiinua kwenye mwanga kondoo anakuangalia. Nikazitia moja moja kwenye vimfuko vya plastiki vya vifungo, nikafunga utepe mwekundu, na kila mteja aliyekuja kuchukua nguo nikampa. "Hii ni filamu ya miaka mia moja," nawaambia, "mwanangu ndiye mwenyewe, waambie wenzako." Nilimpa kila mwimbaji wa kwaya maana sare zao nashona mimi, nikawapa wauguzi wa zamu ya asubuhi, nikampa muuza nyama na apron yake, nikampa hata wifi, na yeye nilimpa kwa makusudi, ili aone. Wiki mbili nilitembea kama bibi harusi.

Jumapili iliyopita tuko mezani, mwanangu akaanza kusimulia watakavyoukagua mkanda. Akasema, "Mama, wataanza na pale anapofikiri. Hakuna mahali pengine kwenye filamu za wakati ule ambapo mnyama ameachwa asimame muda wote huo. Picha sabini! Mtu mwingine angeweka kumi na mbili." Wali ukanishuka njia mbaya. Baba yake akanipiga mgongoni. Kesho yake alipokwenda kazini nikautia mkanda kwenye mashine ya kuonyeshea, nikazungusha mkono mwenyewe, nikaona nilichomfanyia kondoo wa watu. Hafikiri tena. Anainua mkono na papo hapo alama ya kuuliza inamtoka kama kwikwi, kama mtu anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sikucheka. Ni filamu ileile, na sikucheka.

Fundi mwenzangu tunayegawana chumba cha kazi ananiambia, "Nyamaza wewe, picha sitini kati ya elfu tisa, nani atajua?" Mimi nafikiri nizikusanye kimyakimya kwa watu, nizirudishe mahali pake kwa mkono wangu wa dhahabu, na mwanangu asijue kamwe. Lakini siku zinaniishia, maana wageni wanakuja kabla mwezi haujaisha, na nimeshawaalika watu wote wa mtaa. Je, nimwambie na kumvunjia furaha yake, au nirekebishe na kunyamaza? Na akijua, ataniamini tena na kitu chake?

Ni mimi mama yako, au mdogo wako, Mama Fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fundi, kaa kwanza, na mkasi uwe mbali.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nimecheka, ya pili nimeshika kichwa. Hukufanya kwa ubaya, hilo nalikubali bila kubembelezwa. Lakini usijifunike na neno "nilimsaidia". Msaada ambao hakuna aliyeuomba, unaofanywa mwenyewe akiwa kazini, kwenye kitu chake, wewe mwenyewe unalijua jina lake. Kama mteja angeingia kwako akakuta gauni la mtu mwingine mezani akalipunguza mikono kwa kuwa aliona imezidi, ungemtoa nje kwa futi ya mbao.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, nijibu hili. Sketi ya marinda inakula kitambaa mara ngapi ya kiuno? Mara tatu. Akija asiyejua, akaona kitambaa kimelala juu ya kitambaa, rangi ileile, nyuzi zilezile, akasema hiki kimerudiwa bure, akakata, utakuwa umebaki na nini? Utakuwa na gunia lenye mkanda wa kiunoni. Mama, umekata marinda. Yule mchoraji hakusinzia. Hakuwa na sauti wala maneno, alichokuwa nacho cha kutuchekesha ni muda, na muda wenyewe aliukata vipande sabini akauweka mbele ya macho yetu. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu wetu mmoja alituonyesha katuni ya aina hiyo kwenye ukuta wa darasa, na ninachokumbuka mpaka leo ni darasa zima kucheka wakati mnyama hafanyi kitu chochote. Amesimama tu. Tulicheka kwa sababu tulijua kuna jambo linakuja na yeye hajui kama tunajua. Hicho ndicho ulichokitia kwenye vimfuko vya vifungo.

Fundi mwenzako anakwambia nyamaza. Mshukuru kwa kugawana nawe chumba, ushauri wake mrudishie.

Unataka kuzikusanya kimyakimya na kuziunga mwenyewe. Hapana, hapana, na mara ya tatu hapana! Hilo ni kosa la pili lililovaa nguo za toba. Unajua ipi ilitangulia na ipi ilifuata? Hujui, kwako zote ni kondoo. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba hiyo anayesugua vioo kwa sehemu ya unywele na anayeweza kuzipanga, na ndiye unayemficha.

Linalonikera zaidi si kukata. Binti yako ameandika hesabu kwa mkono wake na kutia sahihi. Siku aliyoandika ilikuwa kweli. Umeigeuza kuwa uongo, na kila siku unayokaa kimya unamwacha atembee na uongo usio wake, mpaka wageni watakapofungua mkanda, wahesabu, wamtazame usoni. Hapo ndipo atapoteza ule mwaka, na atakuwa hajui hata kwa nini. Unaogopa kumvunjia furaha. Furaha ipi, ile ambayo itavunjwa na wageni sebuleni mbele ya mtaa mzima uliowaalika?

Fanya hivi. Mwambie siku utakayosoma haya, mchana, mkiwa wawili, ameshakula. Anza na hesabu: "Nimekata picha sitini na nne." Usianze na "unajua ninavyokupenda", anajua. Akikasirika mwache akasirike, hasira hiyo ameitolea jasho. Usilie ili aanze kukubembeleza wewe. Kisha fungua daftari lako la vipimo, kila uliyemshonea kipindi kile jina lake limo humo, na uende kwa miguu yako, mlango kwa mlango. Usiseme "binti anazihitaji". Sema "nilikosea, naomba unirudishie". Mdomo uliozigawa ndio utakaozikusanya. Halafu yeye awaandikie wageni ukweli wote kabla hawajafunga safari, na chini ya barua yake uongeze mstari mmoja kwa mwandiko wako, useme nani alikata.

Kama atakuamini tena na kitu chake? Muulize yeye, usiniulize mimi. Ila nakuhakikishia hili: mtoto aliyeacha kichwa chake nusu saluni kwa ajili ya kopo ana moyo mkubwa kuliko unavyodhani. Na kujisifu usiache. Una la kujisifia. Jifunze tu kujisifu kwa mdomo, mikono uiweke mfukoni.

MAMA FUNDI AMETUANDIKIA TENA

Sitini na mbili zimerudi, mshauri! Sitini na mbili kati ya sitini na nne, na miguu yangu imevimba, na wageni wamejibu, na nimeanza tena na kelele bila kukusalimu, nisamehe, sitabadilika.

Gazeti lenye jibu lako lilitoka Alhamisi, nikangoja mwanangu atoke kazini nusu siku Jumamosi, akala, nikamwambia, "Nimekata picha sitini na nne."

"Picha za nani?"

"Za kondoo."

Akatabasamu akidhani natania. "Kondoo yupi, mama?"

"Anayefikiri."

Akaweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Akaenda kwenye rafu, akatoa mkanda, akauvutavuta mpaka pale, akachukua lile jicho la kioo wanalotumia mafundi miwani akalibana kwenye jicho lake, akatazama muda mrefu. Mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwisho akasema bila kugeuka, "Umeunga vizuri sana," na sauti ile, mshauri, heri angenipiga kelele. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza neno moja tu."

Machozi yalifika hapa, nikakumbuka ulivyoniambia, nikayarudisha. Nikasema, "Kwa sababu ulinisifu, nikadhani nimeshajua." Akakichukua kile kimashine cha kukatia mkanda akakifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Siku mbili ananijibu ndiyo na hapana. Sijawahi kula chakula kirefu hivyo.

Nikashika daftari. Kwaya nzima walinirudishia siku moja, wamejipanga mstari kama wanapima sare. Wauguzi walinirudishia wote ila wawili, mmoja mwanawe mdogo aliitafuna picha yake, na mwingine amesafiri nayo masomoni nchi nyingine, imebandikwa kwenye daftari lake, ameahidi kuituma kwa barua. Na wifi! Nilikwenda nikijua atanisimanga. Akafungua pochi, akatoa kimfuko, utepe bado mwekundu, akakishika tu bila kunipa. "Wifi, hii nimewaonyesha ofisini wote," akasema. "Nimewaambia huyu ni kondoo wa mtoto wa kaka yangu. Leo unanitoa mikononi kitu nilichokwisha kujivunia?"

Nikamwambia, "Si ulisema ataolewa na kopo?"

"Nilisema, na kama kopo lenyewe ndilo hili, mahari nitapokea mimi." Akanipa, lakini alinifuata mpaka nyumbani kuhakikisha nimeifikisha.

Siku ya tatu ndipo muuza nyama alipokuja mwenyewe, apron yake bado mwilini, akagonga, mwanangu akafungua. Akamkabidhi picha kwa mikono miwili akasema, "Dada, chukua mgeni wako, mimi nimechoka naye. Nilimning'iniza karibu na mizani, wateja wananiuliza kwa nini nauza nyama huku ndugu wa marehemu ananitazama. Siku kumi yule anafikiri, anafikiri. Nimeacha kuuza kondoo, nauza ng'ombe tu! Hebu niambie, hivi alikuwa anafikiri nini?"

Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nikacheka na mimi, nikaogopa, nikamtazama kama ninaruhusiwa, akanivuta mkono nikakaa naye pale pale, muuza nyama amesimama anatushangaa. Akaniambia, "Mama, njoo unishikie taa." Tangu siku hiyo tunazipanga pamoja. Kumbe hazifanani! Kuna mkwaruzo mwembamba uliopita katika picha zote, unaanzia kwenye sikio la kondoo na kusogea kidogokidogo mpaka begani, kwa hiyo kila picha inasema yenyewe nafasi yake. Mimi nashika taa na kusoma hesabu, kushika mkanda sishiki, na sijaomba. Ufunguo bado uko mfukoni mwake, sawa, uko mahali pake.

Aliwaandikia wageni ukweli, na mimi nikaongeza mstari wangu: "Aliyekata ni mama yake, kwa ujinga, si yeye." Wamejibu kwamba katika miaka yao yote wamepokea filamu zilizopungukiwa maelfu ya picha na hakuna aliyewahi kuwaeleza kila moja iliyopungua iko kwa nani, na moja imo tumboni mwa mtoto wa umri gani. Ule mwaka bado ni wake. Ataondoka baada ya wao kumaliza kunakili mkanda picha moja moja, nakala ndiyo itakayoonyeshwa, mkanda wenyewe utapumzika, na mahali pa ile iliyotafunwa wataacha weusi wa kufumba na kufumbua, ili asiwepo wa kusema tulidanganya.

Tutaonyesha kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea, nimeshaupaka chokaa mpya. Kwa kuwa filamu haina sauti, kwaya itavuma bila maneno, na pale kondoo anapofikiri watanyamaza kabisa, mwanangu amewafanyisha mazoezi ya kunyamaza na wanasema ndiyo kazi ngumu kuliko kuimba. Safari hii hakuna atakayepewa kipande cha kwenda nacho nyumbani, asiulize mtu. Mtu aje na kiti chake, wenye watoto waje nao, na wewe mshauri kiti chako nimekishonea foronya. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri.